Pikapu ya Mama Oliva na Mlima wa Newala

Bertila Nandonde hajawahi kulipa bei ya kwanza tangu nimfahamu, na nimemfahamu tangu akiuza maji kwa ndoo. Mimi nauza vipuri vya magari hapa Masasi, karibu na stendi. Wateja wengi wakitajiwa bei huguna, hushika kiuno, huapa kwamba duka la pili wanauza nusu. Yeye haapi. Hukigeuza kipuri mkononi, hukinusa, hukirudisha mezani, kisha huuliza habari za watoto. Ukimaliza kumjibu habari za watoto unakuta umeshapunguza mwenyewe.

Kwao ni Newala, juu ukingoni, ambako mikorosho na mihogo inakubali lakini maji hayakai. Mvua ikinyesha inazama mchangani kama haijawahi kuja. Kiangazi kikikaza, bomba linakohoa upepo mtupu, na mwenye maji ana sauti mtaani kuliko mwenye cheo. Bertila aliliona hilo mapema. Mumewe alipovuka Ruvuma kwenda kutafuta maisha Msumbiji, akapata na mke huko huko, Bertila hakukaa kumlilia. Aliuza kitanda cha ndoa akanunua baiskeli. Baiskeli ilibeba madumu, madumu yakazaa toroli, na baada ya toroli akaja kuipata pikapu ya mwalimu mmoja mstaafu, gari la petroli lenye umri wa kumzidi binti yake Oliva. Alimpa mwalimu mavuno ya msimu mzima ya shamba lake la mikorosho, yakiwa bado maua. Watu wakamcheka. Msimu ule korosho zikashuka bei, mwalimu akabaki na magunia, na waliocheka wakaanza kumwamkia.

Nyuma ya pikapu alifunga tenki. Akawa anateka kwenye kisima kilicho chini ya mlima na kupandisha maji Newala, nyumba kwa nyumba.

Sasa nieleze kosa, na nilieleze vizuri, maana ni la ukanda wetu mzima. Ukitoka Newala kuja Masasi, barabara inashuka ukingo kwa kona kona. Dereva wa huku akifika kichwani mwa mteremko anazima injini na kuweka nyutro, yaani gia huru. Gari linateleza lenyewe, breki zinakuwa ngumu kama jiwe, usukani mzito, na yeye anapiga mluzi kwa sababu anaona amemwibia mwenye sheli. Akifika chini anakanyaga klachi, anatia gia, anaachia ghafla. Gari linashtuka, linawaka, safari inaendelea. Kila mtu anafanya. Mtu akishuka injini inawaka, abiria humuuliza kama ana shamba la petroli.

Bertila alifanya hivyo miaka. Hakuna aliyemwambia kwamba injini ya aina ile ina cheni ndefu mbele, inayozunguka kutoka chini hadi juu kuendesha valvu, na kwamba cheni hiyo inashikwa isicheze na vibao viwili vyembamba vya plastiki, kimoja kila upande, pamoja na kikaza kinachosukumwa na nguvu ya oili. Ukizima injini, oili inalala. Kikaza kinalegea. Ukiliamsha gari kwa kulishtua, cheni iliyolegea inavichapa vibao kama mjeledi. Leo inachapa, kesho inachapa. Plastiki ya kizamani imeshakauka kama ganda la muwa, na siku moja inasema basi.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, mwisho wa likizo ya mwezi wa sita. Bertila alikuwa anakuja Masasi, tenki tupu, kununua mpira mpya wa kushushia maji. Alikuwa ameahidi maji ya jando. Vijana wa mtaa wa Bi Swaumu, mama aliyekuwa anasimamia sherehe, walikuwa kibandani porini tangu shule zifungwe, na Jumamosi walikuwa wanatoka. Kwetu kijana anayetoka jando haingii nyumbani hivi hivi. Anaogeshwa, ananyolewa, anapakwa mafuta, anavishwa mpya kuanzia kofia hadi soksi, na mji mzima unakuja kula. Maji ya siku ile hayacheleweshwi. Anayeyaleta kwa wakati ataitwa kwenye harusi, kwenye matanga, na kwenye kila nyumba inayojengwa. Anayeyachelewesha atafute biashara nyingine.

Chini ya mlima akatia gia na kuachia, kama kawaida. Injini ikawaka kwa mlio wa kokoto ndani ya sufuria. Hapo ndipo alipofanya jambo la akili kuliko yote ya siku ile: akazima papo hapo. Wengine wangekanyaga mafuta wafike Masasi, na wangefika na chuma cha kuyeyusha.

Aliyemkuta pale barabarani ni Twahiru, Myao wa upande wa Chiwata, mwenye lori la maji lenye tenki mara tatu ya lile la Bertila. Alikuwa akiyataka maji ya Bi Swaumu toka mwanzo. Akafunga kamba, akamvuta hadi mbele ya duka langu, na njia nzima, nadhani, alikuwa anapiga hesabu.

Alishuka amechangamka kama mtu aliyeokota mbuzi. "Baba Nuria! Nimekuletea maiti. Kilichobaki ni sanda."

"Maiti wa nani?"

"Wa huyu mtani wangu Mmakonde. Injini imekata roho mlimani. Mimi nina imani, namsitiri: nachukua gari lote kwa bei ya chuma chakavu, na nauli ya kurudi kwao namlipia."

Wayao na Wamakonde ni watani, kwa hiyo hayo hayakuwa matusi. Ndiyo salamu yenyewe.

"Wewe Myao," Bertila akamjibu, bado ameshika usukani, "umenivuta kwa kamba kutoka mlimani, sasa unataka kunimalizia kwa mdomo?"

"Kama hutaki, nenda kachonge injini ya mpingo. Si ndiyo kazi yenu?"

Mimi nami nilikuwa nimeshalizunguka lile gari mara moja. Biashara ni biashara. Giaboksi ya pikapu ile inatafutwa huku kote, na ekseli yake haikai dukani wiki. Nikamwambia, "Mama Oliva, usimsikilize. Mimi nakupa zaidi ya chakavu."

"Zaidi gani?" Twahiru akadakia. "Na mimi naongeza."

Nikaongeza. Akaongeza. Bertila akashuka, akakaa juu ya matairi yangu mabovu, akatoa kipande cha muhogo wa kuchoma kwenye mfuko akawa anatafuna, anatutazama kama mtu anayetazama jogoo wawili. Tulipofika mahali pa kupandishiana sauti, akasema, "Endeleeni."

Tukageuka kumtazama.

"Mbona mmesimama? Maiti gani huyu anayegombewa na wanaume wawili mchana kweupe? Mimi maiti ninaowajua huwa wanakimbiwa."

Akafungua boneti. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanyoosha mkono, akaichomoa leso kwenye mfuko wa shati la Twahiru, akakifutia hapo. Akakichovya tena, akakichomoa, akatuonesha. Oili ilikuwa nyeusi.

"Kama huko ndani kungekuwa kumetoboka mpaka kwenye njia ya maji, hii ingekuwa chai ya maziwa. Iko chai ya maziwa hapa?"

"Leso yangu, Mama Oliva!"

"Nakuuliza chai."

"Haiko," Twahiru akasema.

"Basi huyu kavunjika mguu tu. Sikiliza, mtani, na Baba Nuria awe shahidi. Jumamosi asubuhi napanda mlima na tenki limejaa. Nikikwama, gari ni lako, kwa ile bei yako ya chakavu, na maji ya Bi Swaumu upeleke wewe. Nikipanda, maji ya jando yoyote Newala huyauzi mpaka mvua zinyeshe."

Twahiru alicheka mpaka akashika lori. Akampa mkono. Neno walilopeana watani mbele ya shahidi halirudi. Ukilirudisha, watakuimba hata kwenye mazishi ya mama yako.

Kwa hiyo gari, ambalo ndilo lililokuwa linamlisha yeye na kumsomesha Oliva, sasa lilikuwa limewekwa rehani kwenye kona za mlima. Nilidhani atatetemeka kidogo. Alikuja mezani kwangu, akaniigizia ule mlio wa kokoto, nikamwambia ni cheni na vibao vyake vya plastiki, akauliza vipuri.

Nikamwekea seti ya vibao vya plastiki tupu, na cheni. Akakichukua kibao kimoja, akakipinda kwa vidole, akakikwaruza kwa ukucha.

"Hiki ni mdogo wake marehemu. Lete chenye chuma."

"Chenye chuma nani kakwambia kipo?"

"Umekitazama ulipoingia." Akaelekeza kidole rafu ya juu kabisa.

Kweli vilikuwepo: vibao vyenye mgongo wa chuma, upande wa cheni vimevalishwa mpira mgumu. Nilikuwa navihifadhi kwa mteja mwenye haraka, na huyu hapa alikuwa na haraka kuliko wote, ila hakuionesha. Nikataja bei. Akaniuliza habari za Nuria. Safari hii nilijikaza, nikajibu kwa kifupi, sikupunguza. Akaniuliza habari za nyumba yangu ya Newala.

Hapo nilijua nimekamatwa. Nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta, fundi wangu amesimama siku nyingi kwa kukosa maji ya zege, na tofali mpya zinapasuka kwa kutomwagiliwa.

"Twahiru kanipa bei ya maji," nikasema, ili asijione yuko peke yake.

"Ya kukuletea lini?"

Nikajifanya natafuta kalamu. Twahiru alikuwa ameniambia subiri.

"Mimi matenki manne, kuanzia Jumatatu. Unanipa vibao vya chuma, cheni, kikaza chake, gasketi zote za mbele, na oili."

"Matenki kumi."

"Matano, na mpira nashika mimi, fundi wako asipoteze muda."

"Manane."

"Baba Nuria, gari likibaki bovu utapata matenki mangapi?"

Tukafunga kwa sita. Na niseme hapa hapa kwamba yote sita aliyaleta, lenta ikamwagwa, sina deni naye wala yeye hana na mimi. Lakini nilipofunga droo nilikumbuka kwamba oili sikuwa nimeihesabu.

Gari tukalisukuma hadi kwa Sultani, fundi mwenye gereji nyuma ya duka. Sultani ni mtu wa kelele nyingi na mikono mizuri. Akamwaga oili na maji, akatoa rejeta na feni, akatoa pulii, pampu ya maji, akateremsha sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na mwisho akafungua kava la mbele. Tukaona. Kibao cha upande wa dereva hakikuwepo. Cheni, ikiwa huru, ilikuwa imeanza kulikata kava kwa ndani, imechora mfereji wa kuingia ukucha. Safari nyingine mbili tatu za kushuka bure ingetokea upande wa maji.

"Mama, Mungu anakupenda," Sultani akasema.

"Ananipenda, lakini huwa hafungi bolti. Wewe funga."

"Unashuka mlima injini imezimwa?"

"Nani hashuki hivyo?"

Sultani akamweleza habari ya oili kulala na cheni kuchapa. Bertila akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Kwa hiyo petroli yote niliyoiokoa miaka hii imekuja kulipwa leo hapa. Basi mlima na mimi tumemalizana." Akavuta sinia, akaanza kuokota vipande vya plastiki kwenye sampu. Sijawahi kumwona akijuta kitu zaidi ya muda wa kukisema.

Kesho yake Sultani alipanga alama. Gia ya chini alama yake, gia ya juu alama yake, na pingili za cheni zenye rangi zikae sawasawa juu ya alama hizo, maana ukikosea jino moja valvu na pistoni zinapigana. Akafunga vibao vipya, akafunga kikaza. Akazungusha injini kwa spana, kwa mkono, polepole, mizunguko miwili mizima. Hakuna kilichogonga. Akashika sampu ili airudishe.

"Ngoja," Bertila akasema.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya sinia. Vipande vyote vya kibao cha zamani vilivyookotwa kwenye sampu alikuwa amevisafisha kwa petroli, akavipanga kimoja baada ya kingine, kama wanawake wa kwao wanavyopanga vigae vya chungu kilichovunjika ili wajue nani kachukua kipande. Kibao kilikuwa kimerudi kuwa kibao, isipokuwa katikati palikuwa na pengo.

"Kimoja hakipo."

"Mama Oliva, kimesagika hicho. Kimekuwa unga."

"Unga uko wapi? Nioneshe unga."

"Leo Alhamisi, mama. Tukianza kutafuta kila chembe..."

"Chungu hakipungui kigae hivi hivi. Kama hakiko kwenye sinia kiko ndani ya gari langu."

Sultani akalalamika kwa Kimakua, lugha ambayo Bertila anaielewa vizuri kuliko alivyodhani, akajibiwa kwa Kimakua hicho hicho. Akaingia tena chini. Akafungua bomba linalonyonya oili kutoka kwenye sampu. Pale kwenye chujio lake, kimekaa bapa kama jani kwenye mdomo wa kisima, kilikuwepo kipande. Kimeziba zaidi ya nusu ya chujio.

Injini ingewaka vizuri pale gereji. Ingekwenda vizuri tambarare. Katika kona za mlima, na mzigo, ingekosa oili na vyuma vingeumana.

Sultani akakichomoa kile kipande, akampa. "Kamalizie chungu chako." Bertila akakibandika mahali pake. Kikaingia sawasawa. Ndipo akasema, "Sasa funga."

Ijumaa mchana Sultani aliizungusha injini kwanza bila kuiwasha, ili oili ipande na kikaza kikaze. Kisha akawasha. Hapakuwa na kokoto. Ulikuja mlio mmoja laini, wa cherehani ya mguu. Sultani akapiga kelele akarukaruka akizunguka gereji. Bertila alisikiliza akiwa ameinamisha sikio kwenye kava, akazima, akawasha tena, akazima, akawasha tena. "Haya," akasema. Kwake hiyo ni sherehe.

Jumamosi nilipanda naye. Mimi ni shahidi, na tena vipuri vilikuwa vyangu. Tulijaza tenki kisimani, springi zikakaa chini, tukaondoka. Twahiru alikuwa ametusubiri na lori lake limejaa pomoni. Akaingia nyuma yetu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: tukikwama, anatupita, anafika kwa Bi Swaumu wa kwanza, kesho anarudi kuchukua gari.

Mlima ulipoanza akapiga honi. "Mtani, nikusukume?"

Bertila akapunguza gia. Gia ya pili, kisha ya kwanza, kona ya kwanza, kona ya pili. Mshale wa joto ulipanda kidogo ukatulia. Nilikuwa nimefungua dirisha nikisikiliza cheni, sikusikia kitu.

Kwenye kona kali kuliko zote, likatokea lori la mbao likishuka. Lilikuwa halina mlio. Dereva wake alikuwa amezima injini, anashuka bure, breki nzito, amekamata usukani kwa mikono miwili na macho yamemtoka, na barabara yote kaichukua yeye. Bertila akavuta pembeni kabisa, akasimama. Lori likapita na upepo wake.

Sasa tulikuwa tumesimama katikati ya mlima, maji yanacheza nyuma, breki ya mkono inalia. Nyuma yetu Twahiru naye amesimama, ametoa kichwa nje. "Mmakonde kakwama! Baba Nuria, wewe ni shahidi, kakwama!"

"Shuka utie jiwe," Bertila akaniambia.

"Nikishuka ndiyo nitabaki hapa."

"Ukibaki utapanda na Twahiru. Tia jiwe."

Nikashuka, nikatia jiwe nyuma ya gurudumu. Injini ilikuwa inanguruma polepole, haijazima. Akaachia breki ya mkono, gari likakaa juu ya jiwe. Akaongeza mafuta, si kwa hasira, kidogo kidogo, akaachia klachi mpaka boneti ikainuka. Nikasubiri ule mlio wa kokoto. Haukuja. Gurudumu likaliacha jiwe, pikapu ikatambaa, ikakolea, nami nikakimbia na umri wangu huu nikaning'inia mlangoni hadi akaninyooshea mkono akanivuta ndani.

"Umemsikia maiti wetu?" nikamuuliza nikihema.

"Namsikia. Cherehani."

Tulitokea juu Newala jua halijawa kali. Bi Swaumu alikuwa amesimama barabarani na kundi la akina mama, madumu matupu na ndoo zimepangwa kama watu wa foleni. Walipoona tenki linavyotiririka kwenye mfuniko, vigelegele vilianza kabla gari halijasimama. Maji yakashuka. Vijana wakaletwa wamefunikwa kanga, wakaogeshwa, wakatoka wanang'aa kwa mafuta, na ngoma ikalia. Mama mmoja akamwambia Bertila kwamba vijana wa kwao wanatoka wiki ijayo. Wa pili akamvuta kanga. Wa tatu akamwita mwanangu, na hawajuani.

Lakini watu walikuja wengi kuliko walivyohesabiwa, kama kawaida ya jando. Kabla masufuria hayajaoshwa tenki lilikuwa limekauka. Bi Swaumu akaja mbio. "Mama Oliva, wageni wa Tandahimba wameshuka sasa hivi, nawapa nini?"

Wakati huo Twahiru alikuwa ameegesha lori chini ya mkorosho, limejaa, hana wa kumuuzia. Bertila akamfuata. Nikaenda nyuma yake, maana mambo kama hayo sipendi kusimuliwa.

"Mtani, maji unayo."

"Ninayo. Umenizuia kuyauza."

"Nimekuzuia kuwauzia wao. Mimi mbona hukunizuia kununua?"

Twahiru akamtazama. Akanitazama mimi. Akaanza kutaja bei. Bertila akamwuliza habari za watoto.

"Usiniulize watoto!" Twahiru akapiga kelele. "Baba Nuria kanieleza habari zako!"

"Basi kaa nayo yakupikie ugali lorini. Mimi naweza kushuka kisimani na kurudi. Gari langu zima."

Hilo hakuweza kulibishia, alikuwa amelifuata mlima mzima akilitazama matako. Akataja bei ya pili, akataja ya tatu. Alipofika mahali palipotakiwa, Bertila akampa mkono, kisha akaenda kumwambia Bi Swaumu bei nyingine kabisa, ya juu, na Bi Swaumu akasema Mungu akuzidishie.

"Mtani," Twahiru akasema, "leo umenila."

"Sijashiba. Leta mpira, watu wana kiu."

Akauleta mpira.